Ndiyo Mia Nne na Kumi na Mbili

Msamala nzima, pale Songea, inajua kwamba Bibi Kunegunda Mapunda hana breki mdomoni. Ukiimba vibaya kanisani, atakugeukia kabla ubeti haujaisha. Ukipika wali wa sherehe ya Jumuiya ukatoka bokoboko, atakuuliza kama ulianza kupika uji ukabadili mawazo njiani. Kuna msomaji mmoja wa Misa aliwahi kuruka mstari mzima wa somo, Kunegunda akasimama palepale, na miaka yake sabini na moja na fimbo yake mkononi, akamwambia, "Rudi juu, mwanangu, umemwacha Abrahamu njiani." Mpaka leo watu wakisimulia hilo wanashika mbavu.

Sasa niambie, mwanamke wa namna hiyo anawezaje kukaa wiki tatu nzima akijibu "ndiyo" kwa kila anachoulizwa? Ndiyo mia nne na kumi na mbili, bila hapana hata moja ya bahati mbaya! Lakini alifanya hivyo, tena kwa nia njema kabisa, na kidogo amponze mtoto wa watu.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa sita, baridi ya Songea imekaza, watu wanavaa masweta mawimawili. Hilda, binti yake anayeishi naye, alirudi kutoka Jumuiya na habari. Kuna msichana wa Chuo Kikuu amekuja kutoka Dar es Salaam, anaitwa Justa Komba. Baba yake ni wa hukuhuku ila yeye amekulia Morogoro. Kingoni anakisikia kidogo, kukizungumza kunampiga chenga. Anasomea lugha, shahada ya pili, na anatafuta mzee wa kumfundisha Kingoni kile cha ndani. Watu wote walimtaja Kunegunda.

"Lakini Mama, nakuomba," Hilda akasema, akiwa bado hajavua viatu. "Yule ni msomi, na ni mgeni. Usije ukamwaibisha na huo mdomo wako."

"Mdomo wangu umefanya nini?"

"Mama!"

"Haya basi. Nitaufunga."

Alisema kwa mzaha, lakini neno la Hilda lilimchoma. Maisha yake yote watu walikuwa wanamwambia aufunge: mama yake, masista waliomfundisha, marehemu mumewe Longino, na sasa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Akaapa moyoni kwamba safari hii atawaonyesha.

Na kufunga mdomo mbele ya mgeni halikuwa jambo geni kwake, kusema kweli. Nyumba alimolelewa, mgeni akishakalishwa kwenye kiti hakuambiwa hapana. Mama yake Kunegunda, mgeni akisema yule mbuzi pale nje ni ng'ombe mzuri, alikuwa anajibu, "Ndiyo, na maziwa anatoa." Mgeni akishaondoka ndipo watu wanacheka mpaka wanagaragara.

Justa alikuja Jumatatu asubuhi kwa bodaboda kutoka Bombambili, alikokuwa amefikia kwa shangazi yake. Msichana mwembamba, miwani, begi limejaa makaratasi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

Akakalishwa sebuleni kwenye kiti cha wageni, kile chenye kitambaa cha kufuma ambacho hata Hilda haruhusiwi kukikalia. Kunegunda aliposikia kwamba msichana ni mwalimu wa sekondari aliyepewa ruhusa ya masomo, akaacha kumwita mwanangu. Akaanza kumwita Mwalimu.

"Sasa, Mwalimu, unatafuta nini katika Kingoni chetu?"

Justa akachukua karatasi, akachora mistari inayoshuka kutoka juu ikijigawa matawi, na chini kabisa akaandika maneno. Huo ni mti, akasema. Kunegunda akautazama. Mti gani huu mizizi iko juu na majani yako chini? Akaumeza usemi huo, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Bibi, ukisema 'wale watoto wangu wawili,' hayo maneno manne yamekaa pamoja, ni kaya moja. Sasa wataalamu wanagombana: katika kaya hiyo mkuu ni nani? Wa zamani wanasema mkuu ni jina, yaani 'watoto.' Maneno mengine yote yanalifuata hilo. Halafu wakaja wengine wakasema hapana, mkuu ni hicho kijineno 'wale,' kinachoonyesha ni watoto gani. Jina, pamoja na ukubwa wake, liko chini yake."

"Kijineno kidogo hivyo?"

"Ndiyo, Bibi. Wanasema ukisema tu 'wale wamekuja,' jina halipo na bado umeeleweka."

Kunegunda aliipenda sana habari hiyo. Kwenye karatasi zote za serikali ya mtaa mkuu wa kaya alikuwa Longino, jina kubwa, herufi kubwa. Lakini mbegu zipandwe lini, nguruwe yupi auzwe, mtoto yupi apelekwe shule ya bweni, hilo lilikuwa la nani? Kumbe Chuo Kikuu wanagombea mambo ya Longino na yeye! Alitamani kulisema hilo kwa sauti. Akakumbuka kiapo chake.

Justa akaeleza namna ya kufanya kazi. Yeye atayapanga maneno ya Kingoni kwa mpango huu na mpango ule, kijineno mbele ya jina, kijineno nyuma, hesabu katikati, na kila mara atauliza kama inasemeka au haisemeki. Kwa hayo majibu ndipo ataona Kingoni chenyewe kinamtambua nani kuwa mkuu. Akawasha kinasa sauti, akasoma sentensi namba moja.

"Hii inasemeka, Bibi?"

"Inasemeka, Mwalimu."

Namba moja ilikuwa inasemeka kweli. Namba nne haikuwa inasemeka hata kidogo. Nakuwekea kwa Kiswahili upate picha: ni kama mtu amekuja kwako akakwambia, "Wangu wawili watoto wale wamelala." Kunegunda alihisi kicheko kinampanda kutoka tumboni. Akamtazama msichana: amekaa wima kwenye kile kiti, kalamu tayari, macho yamejaa matumaini. Angemwambiaje hapana mtu wa namna hiyo? Akajikohoza ndani ya khanga.

"Inasemeka, Mwalimu. Tena vizuri."

Basi ikawa ndiyo hiyo kila siku, asubuhi mpaka saa saba, kwa wiki tatu. Sentensi zilizidi kuvunjika, na Kunegunda alizidi kuwa mpole. Jioni Hilda akirudi kazini anauliza, "Mama, umemwendeaje mgeni?" Anajibiwa, "Muulize mwenyewe kama nimemtamkia neno baya." Na Hilda akafurahi, akaanza hata kumsifia mama yake kwenye Jumuiya kwamba siku hizi amebadilika.

Justa alikuwa na wazee wengine wawili mwanzoni. Mmoja alichoka siku ya pili. Mwingine alichukuliwa na mwanawe kwenda Tunduru. Kwa hiyo kazi yote ikamwangukia Kunegunda, na kila kitu kikasimama juu ya ndiyo yake.

Ijumaa ya wiki ya tatu, simu ya Justa ikaita. Kwa Kunegunda mtandao unashika vizuri sehemu moja tu, nyuma kwenye banda la nguruwe, kwa hiyo msichana akatoka mbio akasimama huko. Kunegunda alikuwa anammwagia nguruwe pumba upande wa pili wa banda. Sikusema alikwenda kusikiliza. Nguruwe naye anakula.

Aliyepiga alikuwa Dokta Kassimu, msimamizi wa Justa chuoni, na sauti yake ilikuwa inasikika mpaka kwenye ndoo.

"Justa, nimefungua jedwali lako. Sentensi mia nne na kumi na mbili, na nyota sioni hata moja. Nyota ziko wapi?"

Kunegunda akashangaa. Nyota? Huyu ni mwalimu wa lugha au ni mpiga ramli?

"Mzungumzaji wangu amezikubali zote, Dokta."

"Zote! Mwanangu, hakuna lugha duniani inayokubali kila kitu. Umemwaga maneno chini kama karanga, na mtu bado anakwambia ni sawa. Hapo hujaipata lugha yake, umepata adabu yake. Na adabu siwezi kuisahihisha." Dokta akashusha sauti, na hapo ikawa mbaya zaidi. "Tarehe thelathini ndiyo mwisho. Muda umeshaongezwa mara mbili, sina tena pa kukuombea. Usipoleta data inayoeleweka, jina lako linatolewa. Miaka mitatu yote hiyo inakwenda na maji."

Simu ikakatika. Justa akaegemea banda, akavua miwani, akalia bila sauti, mabega tu ndiyo yanatikisika. Kunegunda alisimama na ndoo yake, hajui aende mbele au arudi nyuma. Nguruwe akamkanyaga mguu na hakusikia.

Msichana alipomwona akajifuta haraka, akajilazimisha kutabasamu. "Bibi, nadhani nimeshindwa kazi. Nitarudi Dar Jumatatu nikajaribu kuwabembeleza. Asante kwa yote, Bibi. Umenisaidia sana. Hakuna aliyenipokea vizuri kama wewe."

Jamani, asante nyingine ni afadhali upigwe kofi! Kunegunda alimsindikiza mpaka barabarani, bodaboda ikaondoka, na yeye akarudi ndani akakitazama kile kiti chenye kitambaa cha kufuma. Chakula cha jioni hakukigusa. Hilda alimuuliza kama anaumwa, akasema ni baridi.

Kesho yake Jumamosi ilikuwa siku ya maungamo. Akaenda, akapanga foleni, zamu yake ilipofika akapiga magoti kwa shida.

"Unibariki, Padri, kwa kuwa nimekosa. Nimesema uongo."

"Mara ngapi, mama?" Alikuwa Padri Fulgence, yule kijana.

"Kama mara mia nne na kumi na mbili hivi."

Upande wa pili wa pazia, Padri akasogea karibu.

"Mama, umehesabu?"

"Mimi sihesabu, Padri. Yeye ndiye anaweka namba."

Ikabidi aeleze yote, kijineno na jina, mti wenye mizizi juu, na machozi ya kwenye banda. Padri aliguna mara mbili kwa namna ambayo Kunegunda hakuipenda, kwa sababu ilifanana sana na mtu anayezuia kucheka. Mwishowe akasema malipizi yake ni jambo moja tu: aende akamwambie yule msichana ukweli, leo.

"Padri, nipe rozari. Nipe hata kumi, nitasali nimepiga magoti."

"Leo, mama."

Kunegunda haipendi bodaboda. Mara ya mwisho alipanda wakati wa kumkimbiza Longino hospitali. Siku hiyo aliipanda mwenyewe, kakaa upande, fimbo kaikumbatia, mpaka Bombambili. Alimkuta Justa chumbani kwa shangazi yake anakunja nguo. Tiketi ya basi la Jumatatu iko juu ya begi.

"Mwalimu," akasema, akiwa bado mlangoni, maana alijua akikaa tu hatasema. "Nimekudanganya. Zile sentensi zako, nyingi zilikuwa za ovyo. Nyingine hata kichaa hawezi kuzisema. Mimi nilikuwa naitikia tu ndiyo. Wewe ulikuwa mgeni wangu, na Hilda aliniambia nisikuaibishe. Kosa ni langu. Nisamehe."

Justa akakaa kitandani na blauzi mkononi. Kunegunda alisubiri atukanwe, na moyoni alikuwa ameshakubali.

"Kwa hiyo kuna zisizosemeka?" Justa akauliza polepole.

"Tele."

"Unazijua ni zipi?"

"Mwanangu! Ile namba nne ilinifuata mpaka ndotoni."

Msichana akaanza kucheka. Akacheka huku analia, akamshika yule mzee mikono yote miwili. Shangazi mtu akachungulia akidhani kuna msiba. Zilikuwa zimebaki siku kumi. Justa akaitoa ile tiketi juu ya begi, akaichana vipande viwili.

Jumatatu asubuhi wakaanza upya. Na hapo, usicheke, wakakwama palepale! Justa alikuja, akaamkia, akakaa kwenye kiti cha kitambaa cha kufuma, akawasha kinasa sauti, akasoma namba nne. "Hii inasemeka, Bibi?"

Kunegunda akafungua mdomo aseme hapana. Neno likafika hadi kwenye ulimi likageuka.

"Ina... inasemeka, Mwalimu."

Wakatazamana.

"Bibi!"

"Najua! Ngoja. Soma tena."

Akasoma tena. Ikatoka inasemeka tena. Kijasho chembamba kikamtoka Kunegunda katikati ya baridi yote ile. Nia ilikuwapo, akili ilikuwapo, lakini miaka sabini na moja ya malezi nayo ilikuwapo, na hiyo ilikuwa na nguvu kuliko malipizi ya Padri. Akamtazama msichana kuanzia miwani mpaka viatu, akakitazama na kile kiti. Akapiga fimbo sakafuni.

"Inuka hapo."

"Bibi?"

"Nasema inuka kwenye hicho kiti. Hicho ndicho kinachotuponza."

Akamshika mkono akamvuta mpaka jikoni nje, akamkalisha kwenye kigoda mbele ya mafiga, akamfunga khanga kiunoni, akamtia mwiko mkononi. Sufuria la maji lilikuwa linachemka, unga uko kwenye ungo.

"Kuanzia leo humu ndani sitaki kusikia Mwalimu. Wewe ni mjukuu wangu. Haya, mjukuu wa kike kwa bibi yake ni nani?"

Justa alikulia Morogoro, lakini hilo alilijua. Bibi yake mzaa baba alikuwa akimtania hivyo kila likizo. "Ni mke mwenza," akasema, akiona haya.

"Ehee! Basi, mke mwenzangu, songa ugali. Mume wetu Longino yuko kwenye picha ukutani, ana njaa, na mimi leo sina zamu."

Kwa wenzetu mnaosoma mkiwa mbali: bibi na mjukuu kule ni watani. Mgeni unamfichia, mwanao unamkaripia kwa hesabu, lakini mjukuu unamwambia lolote linalokujia na yeye anakurudishia, na hakuna wa kununa. Justa akatia unga, akaanza kusonga kwa mikono miwili kama anayepiga kasia. Karatasi zake kaziegesha kwenye mfuko wa chumvi. Akasoma namba nne, safari hii bila hata kuuliza inasemeka au vipi.

"Nini?" Kunegunda akageuka. "Hebu rudia."

Akarudia.

"Weee! Nani amekufundisha hivyo? Hata mtoto anayeota meno hasemi hivyo! Jina linaanza, mke mwenzangu, halafu ndiyo hao wengine wanakuja nyuma yake na adabu zao! Na huo ugali una mabonge, bonyeza!"

Justa akaangusha mwiko ndani ya sufuria, akamrukia akamkumbatia. Mwiko ukazama. Kunegunda alimgombeza kwa mwiko na kwa namba nne kwa pamoja, kwa sauti iliyowatoa majirani, na msichana alikuwa anatingisha kichwa kama aliyepewa zawadi.

Siku zile saba zilizofuata, jiko la Kunegunda liligeuka chuo. Walipika ugali, walichambua maharage, walikaanga dagaa wa Nyasa, na sentensi zikawa zinapita. Kinasa sauti kilivikwa mfuko wa plastiki kisiingie mvuke. Hapana zikawa zinamtoka Kunegunda kama zilikuwa zimezuiwa na lango. Si hapana tupu tu, maana mara nyingine alisimama na kijiko hewani, akafikiri.

"Ngoja. Hii ya kwanza ukisema, hao watoto mimi nawajua, tulishawataja. Ukikiweka kijineno kule mwisho, ni kama unawaonyesha kwa kidole, wako pale mlangoni. Zote zinasemeka, lakini si kitu kimoja."

Justa akaandika mpaka kalamu ikaishiwa wino.

"Kumbe mimi nilikuwa nayajua haya?" Kunegunda akasema, akakaa chini. Ilimwingia vibaya, au vizuri, hakujua. Miaka yote alikisema Kingoni kama anavyopumua. Wanawe walipozaa walimwomba awasemeshe wajukuu Kiswahili tu, wasije wakachelewa shuleni, naye akatii. Wako Tunduru na Dar es Salaam sasa, wakipiga simu wanamwamkia kwa Kiswahili kizuri. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kwa nini anasema hivi na si vile. Akamwangalia huyu mtoto wa watu mwenye majivu usoni, akaona shukrani inamjaa kifuani mpaka akashindwa kuisema, akamwambia maharage yanaungua.

Siku moja Hilda alirudi mapema, akasikia kutoka barabarani mama yake anapiga kelele, "Hapana! Hapana! Hiyo ni takataka!" Akaingia mbio, roho mkononi, akamkuta mgeni wake, msomi, kakaa chini kwenye majivu anacheka. Akamvuta mama yake pembeni. "Mama, uliniahidi!" Kunegunda akajibu kwamba yeye na mke mwenzake wana kazi, na kama Hilda anataka kusaidia, alete kuni.

Tarehe ishirini na tisa Justa alituma kila kitu kwa Dokta Kassimu, amesimama kwenye banda la nguruwe na kompyuta mikononi. Jibu lilikuja jioni ileile. Dokta aliandika maneno machache: kwamba sasa anaona lugha, kwamba aendelee kuandika, na kwamba ana swali moja dogo. Katika rekodi ya namba nne anasikia neno "bonyeza." Je, hilo ni sehemu ya mfano?

Walicheka mpaka nguruwe akaamka.

Mwaka ukapita. Mwezi wa saba mwingine, baridi ileile, gari ndogo ikasimama mbele ya nyumba ya Kunegunda na Justa akashuka na suti, begi jipya, na viatu vinavyolia. Alikuwa ameshafuzu. Hilda alikuwa ameandaa sebule, kitambaa cha kufuma kimefuliwa, na akamkaribisha kwenye kiti. Justa akashukuru, akakipita kile kiti, akatoka mlango wa nyuma mpaka jikoni, akavuta kigoda akakaa na suti yake.

"Shikamoo, mke mwenzangu."

"Marahaba. Umenona. Huko Dar anakusongea nani?"

Justa akafungua begi, akatoa kitabu kikubwa chenye jalada jeusi na maandishi ya dhahabu. Akakiweka kwenye mapaja ya yule mzee. Kunegunda akakipangusa kwa khanga ingawa hakikuwa na vumbi.

"Kwa hiyo nani alionekana mkuu? Jina au kijineno?"

"Sura ya tano nzima nimeeleza, Bibi. Wakubwa bado wanabishana, ila sasa wakibishana inabidi waitaje Msamala."

Akamfungulia ukurasa wa shukrani, akamsomea kwa kutafsiri. Alimshukuru Mungu, wazazi, Dokta Kassimu. Kisha: "Namshukuru kuliko wote Bibi Kunegunda Mapunda wa Msamala, Songea, aliyeacha kuniheshimu kabla muda haujaisha." Kunegunda alicheka, halafu akajikuta analia, akasingizia moshi ingawa moto ulikuwa haujawashwa.

Alipotulia akaanza kupekua kurasa. Kiingereza hakukijua, lakini sentensi za Kingoni alizitambua moja moja kama watu wa ukoo wake. Na mbele ya baadhi yake kulikuwa na alama ndogo, ina ncha ncha. Hapa moja, pale mbili, ukurasa mwingine umejaa.

"Nyota hizi za nini? Mmeniwekea mapambo ya Krismasi?"

"Hapana, Bibi. Kwetu sisi, sentensi isiyosemeka ndiyo inayowekewa nyota. Dunia nzima wanafanya hivyo. Kila mahali uliposema hapana, pana nyota. Ziko mia moja sitini na tatu, na zote ni zako. Zile ndizo zilizonivusha. Mtu akisoma hiki kitabu miaka hamsini ijayo, atajua hapa Bibi Kunegunda alikataa."

Kunegunda akakumbuka ile sauti ya kwenye simu: nyota ziko wapi? Akapitisha kidole juu ya namba nne, juu ya nyota yake. Walimwambia aufunge mdomo, wote waliompenda na wasiompenda, tangu anaota meno mpaka anayapoteza. Na kumbe kuna mahali walikuwa wanausubiri.

"Asante, mwanangu," akasema. Hakutania safari hii. "Asante sana. Hujui ulichonipa."

Hilda akatokea mlangoni na sinia la chai. "Mama, mbona mgeni umemkalisha jikoni?"

"Hilda, weka chai hapo uje. Ule mdomo uliosema niufunge, ndio huu hapa. Wameuandika. Vaa miwani uhesabu nyota, halafu uniambie ziko ngapi."

Hilda akakaa kwenye mfuko wa mkaa, akapokea kitabu, akaanza kuhesabu kwa sauti, kidole kwenye ukurasa. Alipofika arobaini na kitu akaacha kuhesabu. Akamtazama mama yake, machozi yako njiani.

"Mama, naomba unisamehe."

"Nilishakusamehe," Kunegunda akasema. "Endelea kuhesabu. Na uangalie usiruke mstari."